Vyumba vya Kulala: Kupima Kabla ya Kuchimba Msingi

Katika wadi ya Junda, kaunti ndogo ya Kisauni, kuanzia Mishomoroni hadi kandokando ya hori ya Tudor, nyumba nyingi hujengwa kidogo kidogo. Mwaka huu mwenye nyumba hupata pesa za msingi, mwaka ujao za kuta, na mabati hungoja mavuno mengine ya akiba. Kwa anayejenga namna hii, kosa lililo kwenye ramani halionekani mapema. Huonekana siku ya kuhamia, pale kitanda kinapogusa kuta mbili, kabati linapokataa kufunguka, na mtoto wa tatu anapotandikiwa sebuleni kwa sababu chumba alichotengewa hakimpokei. Wakati huo ukuta umeshasimama, umepigwa plasta, na pesa zimekwisha.

Somo la toleo hili linahusu swali moja: ramani ikiwa bado ni karatasi, mwenye kujenga atajuaje kwamba vyumba vya kulala vinatosha? Idadi ya mita mraba peke yake haitoshi kujibu. Chumba hutosha kwa kuangalia nani atalala humo, vitu gani vitaingia, na mtu atapita wapi vitu hivyo vikishawekwa. Mambo hayo matatu yakipimwa, familia nyingi zenye kiwanja kidogo hugundua kwamba vyumba vitatu vinavyotumika vizuri vinawafaa kuliko vinne vinavyobana.

Kanuni zinasema nini

Kwa zaidi ya miaka 50, ujenzi wa nyumba nchini Kenya uliongozwa na kanuni za ujenzi za mwaka 1968. Kanuni hizo ziliweka kiwango cha chini cha mita mraba 7 kwa chumba cha kuishi watu. Sasa nafasi yake imechukuliwa na Kanuni za Taifa za Ujenzi za mwaka 2024, na msanifu majengo aliyesajiliwa anatakiwa kuchora kwa kuzifuata.

Ni muhimu kuelewa maana ya kiwango cha chini. Ni mstari ambao chumba hakiruhusiwi kushuka chini yake. Hakisemi kwamba chumba cha ukubwa huo kitamfaa kila mtu. Mita mraba 7 zaweza kumtosha mtu mmalizi mmoja mwenye kitanda chembamba. Kwa mume, mke na mtoto mchanga, hesabu ni nyingine.

Nchi nyingine zimelitenganisha jambo hili wazi. Viwango vya nafasi vilivyotolewa Uingereza mwaka 2015 vinataka chumba cha mtu mmoja kisipungue mita mraba 7.5 na upana wa mita 2.15, na chumba cha watu wawili kisipungue mita mraba 11.5, kile kikuu kikiwa na upana wa mita 2.75 au zaidi. Viwango hivyo havina nguvu Mombasa, lakini vinafundisha kitu: anayepima chumba lazima aanze kwa kuuliza watu wangapi, na upana hupimwa mbali na eneo.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, lenye makao yake makuu Nairobi, huhesabu kwamba nyumba haina nafasi ya kutosha iwapo zaidi ya watu watatu wanalala chumba kimoja. Nayo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242 ya Sheria za Kenya, inahesabu msongamano wa watu ndani ya nyumba kuwa miongoni mwa mambo yanayohatarisha afya. Sababu yake inafahamika kwa maafisa wa afya wa kila wadi: kifua kikuu na maradhi mengine ya njia ya hewa huenea kwa urahisi penye watu wengi na hewa isiyozunguka.

Namba ya kwenye ramani si namba ya kulalia

Ramani nyingi huandikwa kwa milimita. Panapoandikwa 3000, maana yake ni mita 3. Mwenye kujenga akiona 3000 kwa 3000 hupiga hesabu ya mita mraba 9, akaridhika. Lakini anapaswa kwanza kumuuliza aliyechora: vipimo hivi vimeanzia wapi na kuishia wapi? Wengine hupima kutoka uso wa ndani wa ukuta hadi uso wa ndani wa ukuta wa pili. Wengine hupima kutoka katikati ya ukuta hadi katikati ya ukuta. Tofauti si ndogo.

Tuseme vipimo vimetoka katikati ya kuta, na kuta ni za matofali ya unene wa sentimita 20. Kila upande ukuta unakula sentimita 10 za chumba, jumla 20. Plasta nayo, ikiwa ya sentimita 1.5 kila upande, inakula 3. Mita 3 zinakuwa mita 2.77. Chumba kilichodhaniwa kuwa na mita mraba 9 kinabaki na 7.67. Zaidi ya mita mraba moja imemezwa na mawe na saruji, na hakuna fundi aliyekosea. Ukuta wa mawe ya inchi 9 hula zaidi kidogo.

Jambo la pili ni kuchanganya futi na mita. Magodoro na vitanda huuzwa kwa futi, ramani huchorwa kwa milimita. Futi moja ni sentimita 30.5. Chumba cha kupanga kinachojulikana kama kumi kwa kumi, yaani futi 10 kwa 10, kina mita 3.05 kila upande, takriban mita mraba 9.3 kikipimwa ndani. Mtu aliyeishi katika chumba cha aina hiyo ana kipimo kizuri kichwani: ajiulize kama chumba anachochorewa, baada ya kuondoa kuta na plasta, ni kikubwa au kidogo kuliko kile alichokizoea. Mara nyingine atakuta amechorewa kidogo zaidi.

Vitu vitakavyoingia

Kabla ya kukubali ramani, mwenye nyumba aandike vitu vya kila chumba pamoja na vipimo vyake. Vipimo vifuatavyo vinaweza kutumika kama mwanzo:

– Godoro la 3 kwa 6: sentimita 91 kwa 183.
– Godoro la 4 kwa 6: sentimita 122 kwa 183.
– Godoro la 5 kwa 6: sentimita 152 kwa 183.
– Godoro la 6 kwa 6: sentimita 183 kwa 183.
– Fremu ya kitanda: iongezwe kama sentimita 10 hadi 15 kwa upana, na urefu uhesabiwe mita 2. Kitanda cha mbao kilichochongwa na fundi kinaweza kuzidi hapo, kipimwe chenyewe.
– Kabati la nguo: kina cha sentimita 60, upana wa sentimita 120 kwa milango miwili.
– Mlango wa chumba: sentimita 90, na nafasi hiyo hiyo inahitajika ili ufunguke wote.
– Njia ya mtu kupita kando ya kitanda: isipungue sentimita 60. Kwa mzee anayetembea na mkongojo, au mama anayeamka usiku kwa ajili ya mtoto, 75 hadi 90 ni bora.
– Mahali pa kuswalia: msala mmoja huchukua kama sentimita 70 kwa 110. Mombasa, kibla kiko karibu kaskazini kamili, hivyo ni rahisi kuonyesha kwenye ramani msala utatandikwa wapi.

Orodha hii isibaki kichwani. Kila kitu kikatwe kwa karatasi ngumu, kwa kipimo kile kile cha ramani. Ramani ikiwa ya moja kwa hamsini, kila mita moja ni sentimita 2 kwenye karatasi: kitanda cha mita 1.65 kwa 2 kinakuwa kijikaratasi cha sentimita 3.3 kwa 4. Vijikaratasi hivyo vinawekwa juu ya ramani na kuhamishwa huku na huku. Hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuifanya kazi hii, na ni vizuri aifanye pamoja na wazazi.

Mfano wa kwanza: chumba cha tatu kwa tatu

Tuchukue kile chumba cha 3000 kwa 3000 ambacho ndani kina mita 2.77 kwa 2.77. Kinatakiwa kiwe cha wazazi, kitanda kikiwa cha 5 kwa 6, na fremu yake mita 1.65 kwa 2.

Kichwa cha kitanda kikiwekwa katikati ya ukuta, upana unaobaki ni mita 1.12, yaani sentimita 56 kila upande. Miguuni zinabaki sentimita 77. Kabati la sentimita 60 likiwekwa miguuni, njia inayobaki ni sentimita 17. Hapo hapapiti mtu.

Kitanda kikisukumwa ukutani, upande wa pili unabaki na mita 1.12. Kabati likiwekwa upande huo, njia ni sentimita 52, na mlango wa kabati wenye upana wa sentimita 60 unagonga kitanda kabla haujafunguka. Tena anayelala ukutani lazima amruke mwenzake kila anapoamka. Mlango wa chumba nao unadai sentimita zake 90.

Chumba hiki kimepita kiwango cha zamani cha mita mraba 7. Kimepita, lakini kwa wazazi wenye kabati hakitoshi. Nguo zitaishia juu ya kiti au chini ya kitanda.

Mfano wa pili: nyongeza ya sentimita 60 na 30

Sasa chumba hicho kichorwe 3600 kwa 3300, kuta zikiwa zile zile. Ndani kinabaki mita 3.37 kwa 3.07, takriban mita mraba 10.35. Kitanda kile kile kikilazwa kwa urefu wa chumba, miguuni zinabaki mita 1.37. Kabati likichukua sentimita 60, njia ya mbele yake ni sentimita 77, na milango yake inafunguka yote. Upana unabaki na mita 1.42: sentimita 71 kila upande, au sentimita 40 upande mmoja na mita 1.02 upande wa pili, mahali pa msala au pa kitanda kidogo cha mtoto mchanga.

Nyongeza ya mita mraba 2.7 za ndani imegeuza chumba kisichofaa kikawa chumba kamili. Swali linalofuata ni zitoke wapi, maana kiwanja cha futi 40 kwa 60 hakiongezeki, na nafasi zinazotakiwa kuachwa kati ya nyumba na mpaka haziwezi kuliwa.

Vinne au vitatu?

Hapa ndipo uamuzi mgumu ulipo. Vyumba vinne vya 3000 kwa 3000 vinachukua mita mraba 36 za ramani. Vyumba vitatu vya 3600 kwa 3300 vinachukua mita mraba 35.64. Ni eneo lile lile. Vitatu vina mlango mmoja pungufu, dirisha moja pungufu, na kuta chache za kugawia.

Hata hivyo wengi huchagua vinne, na si kwa ujinga. Katika familia za pwani, wavulana na wasichana wakishakua hulala mbali. Bibi au mama mkwe huja kukaa, na mara nyingi hakai siku mbili. Kuna wageni wa harusi na wa matanga. Kuna pia sauti ya majirani: nyumba ya vyumba vinne husikika vizuri ikitajwa. Haja zote hizo, isipokuwa ya mwisho, ni za kweli na lazima zipewe jibu.

Tuchukue familia ya mfano ya watu saba: baba, mama, wasichana wawili, wavulana wawili, na bibi. Kwa vyumba vitatu, wazazi wanalala chumba kimoja, wavulana kimoja, na bibi analala na wajukuu wake wa kike. Hakuna chumba chenye zaidi ya watu watatu. Kwa vyumba vinne, bibi anapata chumba chake, lakini vyumba vyote vinne vinabana, na chumba cha wazazi hakina mahali pa kabati. Familia ikae chini, bibi mwenyewe akiwemo, iamue ipi ni nafuu yake. Huenda bibi anaugua na anahitaji faragha. Basi chumba chake kidogo kitafaa, kwa sababu ni cha mtu mmoja, na kingine kiongezwe. Huenda anapenda kulala na wajukuu. Jibu linatoka kwa watu watakaolala humo, wala fundi hawezi kulitoa kwa niaba yao.

Kosa lililo la kawaida ni kuvigawa vyumba vyote sawasawa kama vile wote wanaolala wako sawa. Vyumba havina haja ya kulingana. Kila kimoja kipewe ukubwa wa watu wake.

Umbo nalo lina kazi

Vyumba viwili vyenye eneo sawa vinaweza kutofautiana sana kwa matumizi. Wajenzi wa zamani wa pwani waliligusa jambo hili kwa njia yao. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale wa Mombasa na za Lamu, dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka upana mkubwa: kwa kawaida vyumba havikuzidi sana mita 2.5 hadi 3. Chumba kilichohitaji nafasi zaidi kilirefushwa badala ya kupanuliwa. Ndiyo maana vyumba vile ni vyembamba na virefu, na vitanda vilipangwa kwenye ncha za chumba, katikati pakabaki wazi.

Leo zege na chuma vimeiondoa mipaka ya boriti, lakini chumba kirefu bado kinafaa kwa watoto. Tuchukue chumba cha wasichana na bibi chenye 3000 kwa 4000 kwenye ramani. Ndani ni mita 2.77 kwa 3.77, mita mraba 10.4. Kitanda cha ghorofa cha 3 kwa 6 kinakaa ukuta mmoja, na kitanda cha bibi cha 3 kwa 6 ukuta wa pili. Kila fremu ikichukua mita 1, katikati inabaki njia ya sentimita 77. Mbele ya vitanda inabaki mita 1.77 ya urefu wa chumba: kabati, meza ya kusomea, na mlango unaofunguka bila kugonga kitu. Katika chumba cha mita 2.77 kwa 2.77, vitanda hivyo hivyo vingeacha sentimita 77 tu mbele yake, na mlango wa sentimita 90 usingefunguka wote.

Vyumba viwili vya 3600 kwa 3300 na kimoja cha 3000 kwa 4000 vinafanya jumla ya mita mraba 35.76. Bado haijafika 36.

Kuta tupu, mlango na dirisha

Chumba kina kuta nne, na kila ukuta una kazi. Mlango huchukua mmoja, dirisha mmoja. Zinabaki kuta mbili tupu: ya kitanda na ya kabati. Chumba chenye choo cha ndani kina mlango wa pili, na chumba cha pembeni huwa na dirisha la pili. Hapo kinaweza kuwa na mita mraba 12 na kisiwe na ukuta hata mmoja wa kabati. Kwa hiyo, baada ya kuhesabu mita mraba, zihesabiwe kuta tupu.

Mahali pa mlango ni jambo lisilogharimu chochote likiwa bado kwenye karatasi. Mlango ulio katikati ya ukuta huukata ukuta vipande viwili visivyofaa kitu. Mlango uliosogezwa hadi pembeni, ukafungukia ukutani, huuacha ukuta uliobaki mzima. Mlango ulioachiwa sentimita 65 hadi 70 kutoka pembe huruhusu kabati kusimama nyuma yake. Aliyechora anaweza kuusogeza kwa dakika chache. Fundi aliyekwisha kufunga lenta hawezi.

Joto, upepo na chandarua

Chumba cha Mombasa hakipimwi kama chumba cha Limuru. Usiku wa mwezi wa tatu, chumba kidogo chenye watu watatu na dirisha moja huwa kama tanuri, na watu huhamia barazani. Upepo wa kusi huvuma kutoka upande wa kusini mashariki, kuanzia kama Aprili. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, kuanzia kama Desemba. Dirisha linaloelekea upepo, pamoja na uwazi mwingine upande wa pili, iwe dirisha au tundu za hewa juu ya mlango, hufanya hewa ipite badala ya kusimama.

Wasanifu wengi hutumia kipimo cha dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya sakafu. Chumba cha mita mraba 10.35 kinahitaji basi dirisha la kama mita 1.2 kwa 0.9. Ikumbukwe kwamba dirisha la vioo vya kusukuma hufunguka nusu tu. Nusu nyingine hupitisha mwanga lakini si hewa. Na dirisha linalotazama ukuta wa jirani kwa umbali wa hatua moja halileti upepo, hata likiwa kubwa kiasi gani.

Chandarua nacho kina nafasi yake. Kinga yake dhidi ya mbu wa malaria hutegemea kichomekwe chini ya godoro pande zote. Kitanda kilichobanwa na kuta tatu hakichomekeki vizuri, na anayekitandika kila siku huchoka akaacha.

Jambo la mwisho ni urefu wa dari. Pangaboi lililo juu ya kitanda cha ghorofa ni hatari kubwa kwa mtoto anayekaa au kusimama juu. Penye kitanda cha ghorofa, ama pangaboi liwekwe mbali nacho, au feni ya ukutani itumike, na jambo hilo lionyeshwe kwenye mchoro wa umeme kabla ya waya kupitishwa.

Jaribio la kiwanjani

Ramani ikisharidhisha kwa vijikaratasi, ipelekwe kiwanjani. Vigingi vinne na kamba vinatosha kuchora chumba ardhini kwa kipimo cha ndani, si cha katikati ya kuta. Magodoro yaletwe, au mikeka ikunjwe kwa ukubwa wa vitanda. Kabati liwakilishwe na boksi au meza. Mlango uchorwe kwa chokaa, pamoja na duara la kufunguka kwake. Kisha kila mmoja apite: mama akiwa amebeba mtoto, bibi na mkongojo wake, kijana na ndoo ya maji.

Tahadhari moja: chumba kilichochorwa kwa kamba penye uwazi huonekana kidogo mno, na wengi huogopa wakaongeza bila hesabu. Kuta zikipanda huonekana kikubwa, vitu vikiingia kinakuwa kidogo tena. Jicho linadanganya mara tatu. Ndiyo sababu jaribio lifanywe kwa vitu na tepu ya kupimia.

Anayejenga vyumba vya kupangisha ana haja ya somo hili kuliko wengine, kwa sababu hawajui watakaolala humo. Achukulie kwamba chumba kitalaza mume, mke na mtoto, na apime kwa ajili yao.

Kabla ya kupeleka ramani kuombewa kibali

Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka kila anayejenga kupata kibali cha serikali ya kaunti kabla ya kuanza. Ramani ikishapitishwa, kusogeza ukuta wa nje au kuongeza chumba ni mabadiliko yanayohitaji kurudi tena kwa idhini. Wakati wa kuuliza maswali ni kabla ya ramani kuwasilishwa, mwenye nyumba akiwa bado ameketi na msanifu wake. Maswali haya yafuatayo yajibiwe kwa kila chumba:

1. Nani atalala humu sasa, na nani baada ya miaka kumi?
2. Vipimo vya ramani vinaanzia wapi? Ndani, baada ya plasta, ni mita ngapi kwa ngapi?
3. Kitanda, kabati na meza vikiwekwa, njia iliyobaki ni sentimita ngapi?
4. Milango yote, ya chumba na ya kabati, inafunguka yote?
5. Kuta tupu ni ngapi?
6. Hewa inaingilia wapi na kutokea wapi?
7. Chandarua kitachomekwa pande zote? Pangaboi liko mbali na kitanda cha juu?

Zoezi

Ramani inaonyesha chumba cha 2800 kwa 3400, vipimo vikitoka katikati ya kuta za sentimita 20, plasta ikiwa sentimita 1.5 kila upande. Je, kinamtosha nani?

Jibu: ndani kina mita 2.57 kwa 3.17, takriban mita mraba 8.15. Kitanda cha 4 kwa 6 chenye fremu ya mita 1.35 kikiegemezwa ukutani, na kabati ukuta wa pili, njia ya katikati ni sentimita 62. Mtu mmalizi mmoja kinamtosha, na milango ya kabati inafunguka. Kwa watu wawili wenye kitanda cha 6 kwa 6, njia inabaki upande mmoja tu, na kabati likiwekwa miguuni linaacha sentimita 57, hivyo milango yake haifunguki yote. Chumba hiki ni cha bibi au cha kijana mmoja. Kikiandikwa kwenye ramani kuwa chumba cha wazazi, jina hilo libadilishwe, au ukuta usogezwe ungali ni mstari wa wino.